Re: Timu yetu inashinda zabuni lakini inafilisika raundi ya nne

Salama mkuu. Kwa nilivyoelewa, kwenye huo mchezo wa kuendesha kampuni ya ujenzi mnapata kazi nyingi kuliko timu nyingine, faida inaonekana kwenye karatasi, halafu raundi ya nne benki inawafungia. Yalitukuta hayo hayo sisi wa Lindi mwaka wetu.

Kabla ya kugusa bei, angalia siku za malipo. Chukua kazi ya milioni 300 kwa miezi 6, gharama tuseme milioni 45 kwa mwezi. Mteja analipa siku 60 baada ya kuidhinisha kazi ya mwezi. Hapo mtatoa milioni 135 (mwezi wa kazi na miwili ya kusubiri) kabla ya kuona shilingi ya kwanza. Kazi mbili kwa mpigo, 270. Mtaji wenu ni kiasi gani? Ninyi watu wa Mtwara mnalijua hili kuliko mimi: korosho ziko ghalani, stakabadhi mkononi, na mfukoni hamna kitu.

Sisi tulimpa mmoja daftari la fedha tu, na kura ya turufu juu ya zabuni. Tuligombana naye sana (mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi), ila hatukufilisika tena.

Kagua pia kama mteja anazuia asilimia fulani ya malipo hadi kipindi cha matazamio (muda wa kurekebisha kasoro baada ya kazi kukamilika) kiishe, na kama mnaruhusiwa kuomba malipo ya awali. Sisi hatukuyaomba raundi mbili nzima, kisa hatukusoma maelekezo.

Weka hapa jedwali lenu la raundi ya tatu tulione.