Muulize Fundi: Boksi la roboti limefika, tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi Fundi. Mi ni mwalimu wa fizikia sekondari moja huku Tabata, mwaka huu tumeanzisha klabu ya roboti na tunaingia FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, kwa mara ya kwanza. Boksi limefika juzi, ndani kuna REV Control Hub (ubongo wa roboti), Driver Hub (kifaa cha dereva chenye skrini), mota nne, sevo mbili (mota ndogo za kugeuza kitu kwa pembe), betri na pedi moja ya gemu ya Logitech F310. Watoto wanataka wafunge roboti leo leo, mimi naogopa tutaunguza kitu, na bando la kuapdeti linatoka mfukoni kwangu. Tuanzie wapi?
Mwalimu mlezi, Tabata

JIBU: Salama mwalimu, na hongera. Watoto waache wafunge vyuma na magurudumu watakavyo, ila hiyo Control Hub isiguse bodi ya roboti wiki nzima ya kwanza. Ikae mezani, na betri mezani, na mota zimelala hapo hapo zinazunguka hewani. Timu yangu ya kwanza sisi tulijifanya wajanja, tukafunga kila kitu, waya tukazilaza zimenyooka utadhani twende kilioni na zip tai kila baada ya sentimita tano, tukawasha, mota moja kimya. Usiku ule tulikata zip tai zote kwa wembe, kumbe plagi ya mota ilikuwa haijaingia mpaka mwisho, ilibaki kama upana wa ukucha tu.

Haya, apdeti. Fanya siku moja tu, sehemu yenye intaneti nzuri, omba hata kwa jirani mwenye Wai-Fai ya nyumbani. Weka REV Hardware Client, programu ya kuapdeti vifaa hivi, kwenye laptop ya Windows, chomeka Control Hub kwa kebo ya USB-C huku betri yake imechajiwa ikajaa, apdeti kila inachokwambia, halafu Driver Hub nayo vivyo hivyo. Kikubwa toleo la programu ya kwenye Control Hub na la kwenye Driver Hub yalingane, yakipishana utaona onyo kwenye skrini na mtapoteza siku mbili mnamtafuta mchawi. Umeme ukikatika katikati usiogope, Control Hub inakula betri yake yenyewe, ndio maana nasema ijae kwanza.

Baada ya hapo bando huhitaji tena. Control Hub ni Android kamili ndani na inarusha Wai-Fai yake, laptop inaunganishwa na hiyo, mnafungua kivinjari mnaandika 192.168.43.1:8080 na sehemu ya kuandikia programu inatokea hapo hapo. Laptop italalamika haina intaneti, iache ilalamike. Ila zima ile ya kujiunga yenyewe na Wai-Fai nyingine, maana itahamia ya ofisi ya mwalimu mkuu katikati ya kazi na mtoto atakwambia roboti imekufa. Neno la siri mnalolikuta ni password, badilisheni siku hiyo hiyo, na jina la Wai-Fai liwe namba ya timu yenu ikifuatiwa na -RC, Driver Hub namba hiyo hiyo na -DS.

Sasa majina ya mota, hapa ndipo wageni wengi wanaponasa. Kwenye Driver Hub kuna sehemu ya konfiga, unaiambia tundu namba 0 kuna mota inaitwa nani, namba 1 nani, matundu ya mota ni manne tu, 0 mpaka 3. Jina hilo ndilo programu itakalolitafuta, herufi kwa herufi. Ukiandika Kushoto kwenye konfiga halafu kushoto kwenye kodi (sio ile ya TRA) programu itagoma kuanza na kukuletea maandishi mekundu. Na ndiyo, Kiswahili kinakubali kabisa, kushoto_mbele, kulia_nyuma, watoto wanakosea kidogo zaidi hivyo.

Kila mota ina waya mbili, nene ya moto na nyembamba ya enkoda inayohesabu mizunguko. Zote ziende tundu namba moja. Mkiweka nene namba 1 na nyembamba namba 2, mkitumia kasi ya kuhesabiwa ile mota inakimbia mbio zote bila breki, kwa sababu Control Hub inadhani haijasogea hata nukta kwa hiyo inazidi kuisukuma. Ukiona mota imepagawa angalia waya nyembamba kwanza kabla hujagusa programu. Na siku mtakayofunga kwenye bodi roboti itazunguka kama pia badala ya kwenda mbele, hiyo sio hitilafu, mota za upande mmoja zimetazama kinyume, mnazigeuza kwenye programu kwa neno REVERSE na waya mnaziacha zilivyo.

Pedi ya F310 ina kiswichi nyuma, kiwe X. Halafu bonyeza Start na A kwa pamoja ndio inatambulika kuwa dereva wa kwanza. Bila hivyo mtabonyeza mpaka jioni.

SWALI: Shikamoo Fundi. Roboti yetu ikiwa mezani iko poa, ikishuka sakafuni ikikimbia au ikigonga ukuta inazima na kuwaka yenyewe. Tumeandika programu upya mara tatu.
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Programu iacheni, ni umeme. Washa roboti, taa ya Control Hub ikiwa kijani na bluu inapepesa mara moja moja yuko sawa, sasa shika waya wa betri utikise taratibu, plagi moja baada ya nyingine, kisha swichi. Pale taa inapobadilika ndipo penye ugonjwa. Kama zote zimekaza, pima betri kwa multimita, ni ya volti 12 na ikijaa husoma zaidi ya 13. Mezani mota hazibebi kitu, sakafuni zinavuta kwa pamoja na betri iliyochoka inaporomoka ghafla. Na nimewahi kuona fyuzi ya ampea 20 imetolewa, pamewekwa waya wa shaba. Nendeni Kariakoo mkanunue fyuzi. Chaja pia iwe ya NiMH, aina ya betri ya roboti hii, msiazime ya betri ya bodaboda.

SWALI: Kuandika programu ya roboti ni lazima Android Studio, ile programu kubwa ya kwenye laptop? Laptop yetu ina ramu ya giga 4.
Ubungo

JIBU: Hapana. Anzeni na Blocks, ile ya kupanga vipande kwa mausi, mkizoea hamieni OnBot Java, ya kuandika kodi kwenye kivinjari, zote zimo ndani ya Control Hub hampakui chochote. Kwa giga 4 Android Studio mtachemsha chai mnywe na vikombe muoshe, bado inafunguka.