Ukirekodi shoo yenu laivu, makosa yaacheni

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji: "kaka, mwezi ujao tuna shoo na tunataka kuirekodi, tununue maiki gani?" Nikacheka, halafu nikakumbuka yangu nikaacha kucheka.

Mwaka juzi bendi yetu ilipiga kwenye baa moja, watu kama sitini hivi, joto la kufa mtu, spika moja inakoroma. Katikati ya shoo mpiga besi wetu akapotea kabisa, maiki iko wazi akaniuliza "tunaingia na ipi?", baa nzima ikaangua kicheko na dada mmoja aliyekaa mbele akamtajia wimbo. Tukaingia nao, na ndo tuliupiga vizuri kuliko zote usiku ule. Sasa mimi najiona fundi, nikaikalia ile rekodi wiki tatu kwenye kompyuta, nikakata swali, nikakata kicheko, kelele za watu nikazishusha, sehemu sauti yangu ilipopasuka nikainyoosha kwa programu hadi ikawa laini kama tangazo la sabuni. Nikaipandisha mtandaoni. Waliosikiliza ni sisi wenyewe na mama yangu. Rafiki yangu akaniuliza "hii si mlirekodi chumbani?" Nilinuna siku mbili, na kiukweli bado inaniuma.

Katika kununa huko nikarudi kwa Nirvana, bendi ya Marekani, ile Unplugged, yaani shoo ya MTV ya kupiga bila magitaa ya umeme, waliyorekodi New York tarehe 18 Novemba 1993. Naijua tangu shule lakini safari hii niliisikiliza kwa hedifoni, taa nimezima, mwanzo mpaka mwisho. Jamaa ndo walikuwa bendi kubwa ya granji, ile roki ya makelele, duniani, halafu wanakataa kupiga hit yao kubwa kuliko zote, nyimbo 14 na 6 kati ya hizo ni za watu wengine! Walipiga moja kwa moja bila kurudia wimbo hata mmoja. Kuna sehemu Cobain, mwimbaji wao, anawauliza wenzake kama huu anaupiga peke yake au vipi, na kweli anaupiga peke yake, gitaa na sauti basi. Mwingine angekata hayo maongezi. Mimi ningeyakata.

Ila wa mwisho ndo umenimaliza, ule wa kale aliokuwa akiuimba Lead Belly, mwanabluzi wa zamani. Anaanza chini, mpole, halafu mwishoni anapanda na koo linachanika kabisa, na kabla hajamalizia mstari wa mwisho anasimama, anavuta pumzi, macho yanafunguka. Ni kitambo kidogo sana ila mimi nywele zilisimama. Walipomwomba aongeze wimbo akakataa. Aprili 1994 akafa, albamu ikatoka Novemba mwaka huohuo, kwa hiyo watu wanaisikiliza ile pumzi wakijua yaliyofuata, sawa, hilo linachangia. Lakini msinidanganye kwamba ni kifo tu, maana ile pumzi ilikuwepo tangu usiku ule na waliokuwepo ukumbini waliiskia akiwa hai.

Na msidhani ilikuwa ovyoovyo. Jukwaa lilipambwa kwa mayungiyungi na mishumaa, na lile gitaa lake la "bila umeme" lilikuwa linapita kwenye amp, kile kikuza sauti cha gitaa, waliyoificha ionekane spika ya kawaida ya jukwaani. Walijiandaa, ila baada ya hapo wakaacha usiku uende unavyoenda.

Kwa hiyo dogo, maiki yoyote utakayoazima inatosha, weka na nyingine inayoangalia watu, hiyo usiisahau. Fanyeni mazoezi mpaka mchukiane. Halafu usikate. Sauti ikipasuka usikate, mtu akikohoa usikate, nyie vijana mnapenda sana kujisafisha mpaka hamna mtu ndani, mimi nimeshapita huko na hakuna kitu.

Ile rekodi yangu asili niliifuta ili kupata nafasi kwenye diski. Mpiga besi bado ananiulizaga iko wapi, namwambia naitafuta.