Jino limeacha kuuma, nirudi?

SWALI: Gego langu la chini lilitunga usaha. Daktari alilitoboa, akasafisha mizizi, akaziba kwa muda. Siumwi tena. Kuna haja ya kurudi?

JIBU: Rudi, tena mapema. Huumwi kwa sababu neva imetolewa na usaha umepata njia, kupona bado. Kizibo cha muda hulika, na baada ya wiki chache mate hupenya na bakteria. Gego la chini huwa na mifereji 3 (vijitundu vyembamba ndani ya mizizi), pengine 4. Huo wa 4 ukirukwa, jipu hurudi. Daktari ataiosha mifereji yote kwa dawa ya klorini, aikaushe, aijaze gataperka (utomvu wa mti unaofanana na mpira) hadi kama milimita 1 kabla ya ncha ya mzizi, kisha apige eksirei. Omba na kofia ya kufunika jino zima: gego lililotobolewa hupasuka hata kwa kijiwe cha kwenye wali.