Siasa Haikushuka Njia Panda ya Himo

Gari yetu ya kwenda Moshi ina sheria zake za Desemba. Mayai ya kuchemsha hayaguswi kabla ya Chalinze. Dirisha la nyuma kushoto ni la binti yangu, kwa sababu ndiye hutapika. Safari hii iliyopita baba watoto aliongeza sheria ya tatu. Aliitangaza Mombo, tumesimama kunyoosha miguu, mimi nikiitazama milima ya kwetu Lushoto kama kawaida yangu: "Tukifika njia panda ya Himo, siasa zote tunazishusha pale. Huko juu kwa Babu ni Krismasi tu."

Mwanetu wa kwanza, miaka 19, akauliza, "Na wakati wa kurudi tutazikuta palepale?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Naandika haya kwa wazazi wenzangu kwa sababu sikukuu hazijaisha. Machi kuna Idi, Aprili kuna Pasaka, na watu walewale watakaa tena kwenye mkeka mmoja au meza moja. Mimi na mume wangu tulidhani tumepata dawa. Haikuwa dawa, na naona nieleze ilivyotushinda, pengine itawafaa wengine.

Sisi tunaishi Kimara. Msomaji wa Dar hahitaji maelezo zaidi, lakini kwa aliye mbali: Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, watu waliingia barabarani. Intaneti ikazimwa. Ikatangazwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Tulikaa ndani na watoto, mlango umekomewa, tukisikiliza milio ya huko nje na kupima unga uliobaki. Tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Rais Samia ameshinda kwa asilimia 97.66 ya kura, na tarehe 3 Novemba akaapishwa Dodoma. Mtandao uliporudi, simu zilijaa picha ambazo sikutaka mtoto wangu azione, na mimi mwenyewe nilizitazama hadi usiku wa manane. Zikaja pia jumbe za kuwaonya wanaozisambaza. Tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru, sherehe zilifutwa, tukashauriwa tukae nyumbani. Tukakaa.

Katika hayo yote kuna jambo dogo la mtaani kwetu. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akimpeleka binti yangu twisheni hajaonekana kijiweni tangu wiki ile. Binti humwita Kaka Boda. Wenzake wana maelezo matatu tofauti, na hakuna hata mmoja anayeyasema kwa sauti. Binti ana miaka 11. Kila jioni aliniuliza, na kila jioni nilimjibu, "Atakuwa ameenda kwao." Nalikiri hapa mapema kwa sababu kosa kubwa la safari ile lilianzia kwangu, jikoni kwangu, kabla hata hatujapakia mizigo.

Basi tukapanda Marangu. Asiyejua Krismasi ya Uchagani aelewe kwamba mji mzima unahamia mlimani. Mwezi mzima wa Novemba mgomba ni mgomba na kahawa ni kahawa. Ikifika tarehe 22 Desemba kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kina magari matatu, na watu wanasalimiana kwenye vijia ambavyo mwaka mzima wanapita wazee na ng'ombe tu. Nyumbani kwa Babu tulikuwa watu 24. Mimi ni mke wa kuja, Msambaa, mwaka wa ishirini na moja sasa katika ukoo ule, na bado kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kikiletwa huwa napokea bakuli kwa adabu kisha nalipitisha kwa jirani.

Babu ni mwalimu mstaafu. Kadi yake ya CCM ni ya mwaka 1977, chama kilipozaliwa, na kabla ya hapo alikuwa na ya TANU. Mwanawe mkubwa, shemeji yangu, anafuata nyayo. Mdogo wa mwisho, anayekaa Arusha, ni wa upinzani, na tangu kiongozi wao Tundu Lissu afunguliwe kesi ya uhaini Aprili 2025 hajawahi kukaa chumba kimoja na kaka yake bila mtu wa tatu kuwepo. Mume wangu yuko katikati. Sheria ya Himo aliitunga kwa ajili ya hao wawili.

Siku tatu ilionekana inafanya kazi. Hata mnada wa mavuno pale kanisani ulitupa raha: mashemeji wangu wawili walishindania mkungu mmoja wa ndizi mpaka ukafika elfu themanini, mchungaji anapiga makofi, waumini wanashangilia, na mimi peke yangu nikijua kwamba pale hakuna aliyekuwa akinunua ndizi. Kama mtu anataka kuona uchaguzi wenye ushindani, aje mnadani kwetu.

Siasa ilirudi kwanza kupitia maombi. Usiku wa Krismasi shemeji wa Arusha aliombwa afunge kwa sala, akaomba Mungu "awafungue macho waliokula na kushiba wakasahau damu." Kesho yake kaka yake akapewa sala ya chakula, naye akamshukuru Mungu kwa ajili ya nchi yenye amani "na uwaadabishe, Bwana, wanaotumiwa na mabeberu." Amina ya pili ilikuwa hafifu sana. Ndugu zangu, kama mna watu wa namna hii, msiwape zamu ya kuomba. Wapeni nyama wachome. Maombi ya kumsema mtu ni mabaya kuliko matusi, kwa sababu tusi unaweza kulijibu, sala huwezi.

Lakini hilo ni la watu wazima, na watu wazima wangejimaliza wenyewe. Kilichotushinda hasa kilikuja Jumapili, tarehe 28.

Babu ana desturi ya ibada baada ya chakula cha usiku. Mnasoma sura kwa kufuatana, kila siku msomaji mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo au kinyume chake. Mwaka huu ilikuwa Injili ya Mathayo. Jumamosi zilisomwa zile jina kwa jina za ukoo wa Yesu, watoto wakasinzia. Jumapili ikawa sura ya pili, na zamu ilikuwa ya binti yangu.

Sura ya pili ina mamajusi, dhahabu, uvumba. Kadi za Krismasi huishia hapo. Yeye hakuambiwa aishie hapo. Akaendelea na sauti yake ya shule, anafuata mstari kwa kidole: Herode akaona amedhihakiwa, akaghadhibika, akatuma watu, watoto wa Bethlehemu wakauawa, na Raheli anawalilia watoto wake wala hataki kufarijiwa kwa sababu hawapo tena. Pale kwenye kutotaka kufarijiwa akasimama. Akamgeukia Babu.

"Babu, naomba kuuliza. Mbona sisi hatujawaombea waliokufa Oktoba?"

Kule kwetu mlimani usiku una kelele zake, mfereji, wadudu, mbwa. Nilizisikia zote.

Shemeji mkubwa alisema, "Mtoto, hapa si Ubungo." Shemeji mdogo alianza, "Mwache aseme!" Kaka yake binti, mwanangu wa miaka 19, ambaye siku sita alikuwa ameitii sheria ya baba yake hadi nikadhani amepoa, alisimama akatoka nje. Na mimi, mama yake, nilifanya nini? Nilimwambia binti, "Maliza kusoma." Akamaliza. Yusufu akarudi kutoka Misri, akakaa Nazareti. Babu akafunga Biblia, akasema tukalale, bila sala. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba katika miaka hamsini ya ndoa hajaona ibada ikifungwa bila sala.

Alfajiri nilikuwa nachochea moto wa mtori nikawaona Babu na mwanangu wakiingia kwenye kahawa, mzee mbele na panga, kijana nyuma na ndoo. Hawakurudi mpaka saa nne. Waliyozungumza niliyapata kwa mwanangu tukiwa njiani kurudi, na nayaandika kwa ruhusa yake.

Baba yake Babu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi chini ya KNCU, ule ushirika wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933 na ambao Wachagga wa rika lake waliuonea fahari kuliko kitu chochote. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vya ushirika nchi nzima. Babu wakati huo alikuwa mwalimu kijana, mwana-TANU, ana mke na mtoto mchanga. Jioni ile baba yake alipoanza kulalamika mezani, mbele ya wageni, Babu alimwambia, "Baba, tafadhali, si hapa. Mimi ni mtumishi wa serikali." Mzee akanyamaza. Hakulizungumza tena jambo lile, wala mengine mengi. Ushirika ulirudi katika miaka ya 80, lakini mzee alikuwa amekwisha kufa.

"Mimi ndiye niliyemfunga mdomo baba yangu," Babu alimwambia mjukuu. "Sasa usiku nimeona mama yako anamfunga mdomo mwanawe."

Hilo la mwisho mwanangu alinieleza akiangalia nje ya dirisha, pale Same kwenye mkonge. Sikuwa na la kujibu, na kwa kweli mpaka sasa silo jambo ninalolizungumza bila koo kukauka.

Kwa hiyo, ushauri wangu. Kwanza, msitunge sheria ya Himo. Najua kwa nini watu huitunga. Unataka mama mkwe ale kwa amani. Lakini mtoto haielewi kama adabu. Anaielewa kwamba kuna watu ambao vifo vyao vinaharibu chakula. Heri mpange muda. Sisi tumeshakubaliana kwamba Pasaka, baada ya chai ya jioni, anayetaka kuzungumza nchi atazungumza, ndani, wakubwa na watoto wakubwa, kabla mbege haijazunguka. Baada ya mbege hakuna mjadala wa kitu chochote, hata mpira.

Pili, mtenganishieni mtoto alichokiona na alichotumiwa. Tuliporudi nilikaa na binti kitandani nikamwambia ukweli wangu mdogo: nilisikia milio, niliona vituo vya mabasi ya mwendokasi vilivyoharibiwa, sikuona mtu akiuawa, Kaka Boda sijui alipo na nilikudanganya niliposema ameenda kwao. Alilia kidogo kwa hilo la mwisho, akanisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Kaka yake ana mengi zaidi kwenye simu. Sikumwambia afute. Nilimwomba asiyarushe kwenye grupu la ukoo, kwa sababu pale kuna shangazi wa miaka 70 mwenye presha, na kwa sababu jumbe zile za onyo hazikuwa za mzaha. Mambo mazito yasemwe uso kwa uso. Ile grupu ibaki ya misiba, harusi na michango.

La imani sina hakika kama nina haki ya kushauri. Wapo wanaosema dini isiguse siasa, na nilikuwa mmoja wao. Novemba maaskofu Wakatoliki walipotoa tamko la kulaani mauaji, nilisoma nikasema moyoni, nyinyi wenzetu mna ujasiri, kisha nikaendelea na kazi zangu. Mahubiri tuliyosikia Krismasi yalikuwa ya amani, amani, amani, mazuri kabisa, na hayakutaja mtu hata mmoja. Sasa naona kwamba mtoto hakuchanganya dini na siasa usiku ule. Alisoma tu alichopewa asome. Ukimfundisha mtoto Biblia, ujue ataifikia sura ya pili.

Watu waliniuliza kwa nini hakuna aliyekwenda kukata sale, lile jani ambalo Mchagga akikuletea huwezi kumkatalia msamaha. Jamani, mashemeji zangu walikuwa kila mmoja anasubiri mwenzake ainame kwenye ua. Bado wanasubiri.

Siku ya kuondoka, baada ya mikungu miwili na gunia la maparachichi kuingia kwenye buti, Babu alituita tushikane mikono pale uani kwa sala ya safari. Akaomba kwa Kichagga, ambacho nakisikia nusu. Alipofika katikati akasimama, akamgeukia binti yangu, akamuuliza kwa Kiswahili, "Yule kijana wa pikipiki anaitwa nani hasa?"

Binti akalitaja jina. Mimi sikuwa nalijua. Miezi kumi alimbeba mwanangu, na jina lake halisi nililisikia kwanza kwenye sala ya mzee wa Marangu.

Tangu turudi Babu amepiga simu mara tatu. Huanza na kunipa nafasi ya kumwamkia, kisha anauliza kama ndizi zimeiva, kisha anaomba azungumze na mjukuu wake wa kike. Huongea kwa sauti kubwa kama wazee wote, kwa hiyo swali lake nalisikia nikiwa jikoni. Jibu ni lilelile, bado, Babu. Naye husema, haya, kesho nenda tena pale kijiweni ukaulize kwa heshima, halafu unipigie.