Pikipiki ya kwanza: kuichagua, kuifunga vifaa, na hesabu zinazosahaulika

"Ninunue ya CC ngapi?" Swali hili, yaani injini iwe na ukubwa gani, hutangulia mengine yote, na halijibiki kabla ya jingine: utabeba nini? Kila pikipiki ina kikomo cha mzigo, na kimeandikwa kwenye kitabu chake. Kinahesabu kila kinachokaa juu yake, yaani dereva, abiria, keria, sanduku na vilivyomo. Kwa pikipiki ndogo nyingi ni kati ya kilo 130 na 180. Dereva wa kilo 80 akipakia abiria wa kilo 70 tayari ni kilo 150, na bado begi halijafungwa. Isome namba hiyo kwanza, ndipo utazame injini.

Injini ya CC 100 au 110 hutoa nguvu za farasi 8 hivi. Ya 125 hutoa 10 au 11, ya 150 kati ya 12 na 14. Kwa mtu mmoja kwenye tambarare hutaona tofauti kubwa. Utaiona mlimani ukiwa na abiria, pale ambapo ndogo inadai gia ya pili wakati kubwa ingali inapanda na ya tatu. Injini ndogo inayokamuliwa mpaka mwisho kutwa nzima hupata joto kupita kiasi, hula oili na kuchakaa mapema, hivyo akiba ya mafuta uliyoitarajia huishia kwa fundi. Kubwa kupita mahitaji nayo ni uzito wa kusukuma kila unapoegesha.

Kimo cha kiti kinachoandikwa, tuseme milimita 790, hakisemi yote. Kiti kipana hutanua mapaja na kukuondolea sentimita kadhaa za kufikia chini. Panda ukiwa na viatu utakavyoendeshea, hakikisha sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili inakanyaga, kisha uisukume pikipiki kinyumenyume ukiwa umekaa. Ukishindwa dukani, kwenye kokoto utashindwa zaidi. Wapo watakaokwambia kimo kinarekebishika. Ni kweli, lakini usikubali ishushwe mbele peke yake: foki, yaani ile miguu miwili ya shokapu za mbele, zikipandishwa kwenye mabano yake na nyuma ikaachwa ilivyo, usukani huwa mwepesi mno na pikipiki huyumba ikikimbia.

Kwa pikipiki iliyotumika, fika kabla haijawashwa na uiguse injini. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema, na huenda anaficha shida ya kuwaka asubuhi. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua, ama ringi za pistoni zimekwisha ama sili za valvu. Inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole. Ukinasa kidogo ukifika katikati, beringi za shingo zimekula vishimo. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia; halipaswi kucheza. Linganisha namba ya fremu na ya kwenye hati, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, ondoka.

Sasa tairi, ambako watu hukosea zaidi kuliko mahali pengine popote. Ubavuni utasoma kitu kama 90/90-18 51P. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni asilimia: kimo cha ubavu ni 90% ya upana huo, yaani milimita 81. 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 51 ni alama ya mzigo na maana yake kilo 195 kwa tairi hilo, na P ni spidi ya kilomita 150 kwa saa. Ukiambiwa "hili ni saizi ileile" halafu ubavuni umeandikwa 46, ujue hilo hubeba kilo 170 tu, na kwa tairi la nyuma la mpakia abiria hizo kilo 25 si kidogo.

Tafuta pia namba nne zilizo ndani ya kiduara kirefu. 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Raba huzeeka hata ikikaa dukani, kwa hiyo tairi jipya lenye miaka sita halina upya wowote isipokuwa vinyweleo vyake. Mshale wa ubavuni unaonyesha upande wa kuzunguka. Fundi akilifunga kinyume, mifereji iliyochongwa kutoa maji haitafanya kazi yake ipasavyo wakati wa mvua.

"Nikiweka pana zaidi si itashika barabara vizuri?" Si lazima. Rimu ina upana wake, umegongwa kwenye chuma chenyewe, na tairi pana kwenye rimu nyembamba hubanwa mabavu likavimba katikati, hivyo sehemu inayogusa lami haiongezeki kama ulivyodhani. Usukani unakuwa mzito, na wakati mwingine raba inasugua cheni au madigadi. Baki na saizi ya kitabu. Fedha hiyo itumie kununua tairi la ubora wa juu zaidi katika saizi ileile.

Rimu ya spoki au ya aloi? Kama njia yako ina mashimo mengi, spoki husamehe zaidi: hujikunja kidogo na hunyooshwa, ilhali aloi huweza kupasuka. Ila spoki za kawaida hudai tyubu, maana upepo ungetoka kwenye matundu yake. Msumari ukitoboa tyubu, upepo huisha ghafla. Kwenye tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu, hupungua taratibu na mara nyingi unafika. Upepo upime tairi likiwa la baridi. Pikipiki nyingi ndogo hutaka psi 25 hivi mbele, na nyuma 28 hadi 33 kulingana na mzigo, lakini namba sahihi ni ya kibandiko cha pikipiki yako. Ile kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, usijaze mpaka hapo.

Wanaopanda milima huuliza kuhusu sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungusha cheni. Hesabu yake ni rahisi. Meno 42 nyuma kwa 15 mbele hutoa uwiano wa 2.8. Ukipunguza jino moja mbele, 42 kwa 14, unapata 3.0, na ungepata hiyohiyo kwa kuongeza meno matatu nyuma, 45 kwa 15. Pikipiki itavuta zaidi kwa takriban 7%, na kwa mwendo uleule injini itazunguka zaidi kwa kiasi hichohicho. Ukiongeza nyuma, cheni huenda ikawa fupi. Ukipunguza mbele kwa meno mawili, cheni inakunjwa kwa ukali na kuchakaa haraka. Badilisha jino moja tu kwanza, uendeshe wiki, ndipo uamue. Na cheni mpya isifungwe kwenye sproketi zilizochongoka, kwa sababu meno yaliyoinama huivuta ikarefuka ndani ya muda mfupi. Cheni na sproketi zote mbili hubadilishwa pamoja.

Ulegevu wa cheni hupimwa katikati ya upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi za barabarani ni milimita 25 hadi 35, za njia mbaya ni zaidi. Zungusha gurudumu na uipime sehemu iliyokaza kuliko zote, maana cheni hairefuki sawasawa. Kosa la wengi ni kuikaza mno wakidhani kukaza ndiko usalama. Ukipakia abiria, gurudumu la nyuma hupanda, umbali kati ya sproketi mbili huongezeka, na cheni isiyo na nafasi hugeuka kamba inayovuta beringi ya gia. Ukimaliza kurekebisha kwenye pikipiki ya breki ya dramu nyuma, angalia pedali ya breki, kwa kuwa kusogeza gurudumu kumebadilisha ulegevu wake pia. Klipu ya kiungo cha cheni ifungwe upande wake uliozibwa ukitangulia mwelekeo wa cheni, wenye mdomo wazi ukiwa nyuma.

Taa za ziada ni mada ndefu kidogo, maana ndizo zinazounguza waya. Taa mbili za LED za wati 20 kila moja ni wati 40, na kwa volti 12 hiyo ni ampea 3.3. Swali la kujiuliza ni kama pikipiki inazalisha ziada hiyo. Kipimo chake ni mita ya umeme kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzuri husoma volti 12.6 hadi 12.8. Washa injini, washa kila kitu pamoja na taa mpya, ongeza mafuta mpaka mizunguko kama 4,000 kwa dakika. Ikisoma karibu na 14, umeme unatosha. Ikibaki chini ya 13, betri inachangia badala ya kuchajiwa, na siku si nyingi utakuwa unapiga kiki. Kwenye foleni, injini ikizunguka polepole, uzalishaji hushuka sana, hivyo zizime taa hizo ukisimama.

Usizitundike kwenye waya za taa kubwa. Tumia relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) yenye pini nne. Pini 30 ipate umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 5 iliyo karibu kabisa na betri, 87 iende kwenye taa, 85 kwenye fremu, 86 kwenye swichi inayopata umeme funguo ikiwa imewashwa tu. Fyuzi ikae karibu na betri kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kikisuguliwa na fremu kikachunika, kitawaka moto na fyuzi itabaki nzima. Pitisha waya kwenye mrija, na shingoni uache nafasi, kisha geuza usukani mpaka mwisho pande zote ukiangalia kama unavutika. Ni dakika moja tu hiyo, na fundi mwenye haraka huiruka.

Balbu ya taa kubwa: nyingi ndogo hutumia HS1 ya wati 35/35. Watu hukwangua vibawa vya H4 ya gari, wati 60/55, ili iingie. Joto lake huyeyusha soketi na kuchosha kioo cha plastiki, na umeme nao haukupangwa hivyo. Vibawa vilitofautishwa makusudi kuzuia jambo hilo.

Sanduku la nyuma lina hesabu yake pia. Kilo 20 zilizokaa sentimita 40 nyuma ya ekseli, kwa pikipiki ambayo magurudumu yake yameachana sentimita 128, hupunguza zaidi ya kilo 6 kutoka gurudumu la mbele na kuweka zaidi ya 26 kwenye la nyuma. Gurudumu la mbele ndilo linalokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kufunga breki. Vitu vizito viwekwe chini na mbele: begi la tangi, au mikoba ya pembeni iliyo sawa uzito pande zote. Keria nyingi na sahani za sanduku zimeandikwa kikomo chake, mara nyingi kati ya kilo 3 na 10, na nyufa huanzia kwenye viungio vilivyochomelewa. Ukibeba mzigo, kaza shokapu za nyuma ngazi moja au mbili kwa ile ringi yenye vidato, zote mbili sawa, halafu shusha taa kubwa kidogo usije ukawapofusha wanaokuja.

Helmeti usinunue kwa rangi. Pima mzunguko wa kichwa kwa futi ya kushonea juu kidogo ya nyusi, kisha vaa. Ukiizungusha, ngozi ya mashavu iende nayo. Funga mkanda, mwambie mtu aishike nyuma chini na kuivuta kuelekea mbele. Ikitoka ni kubwa. Kaa nayo nusu saa, maumivu ya sehemu moja kwenye paji yatakwambia umbo si lako. Helmeti iliyopita kipimo cha usalama cha ECE 22 ina lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, yenye herufi E na namba ndani ya duara. Namba ndefu inayofuata huanza na 05 au 06, ambayo ni toleo la kipimo, na herufi P ikionyesha kidevu kinalindwa, J ikiwa ya uso wazi. Ikigonga chini kwa nguvu ikiwa kichwani, ibadilishe hata kama gamba halina ufa, maana povu gumu la ndani hubonyea mara moja tu na halirudi.

Oili: tafuta kwenye kopo alama ya JASO MA au MA2, ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze. Injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Oili ya kwanza kwenye pikipiki mpya hubadilishwa mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu inabeba vumbi la chuma la sehemu zinazozoeana. Mafuta ya breki ni habari nyingine: DOT 3 na DOT 4 huchanganyika, DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo.

Vioo vya pembeni vikikataa kuingia usilazimishe. Kwenye pikipiki nyingi za Yamaha, kioo cha kulia hufungwa kwa kuzungusha kinyume, na duka likikupa cha kawaida utaharibu uzi wa mkono wa breki.

Chini ya kiti weka spana ya plagi, plagi moja, kiungo cha cheni, fyuzi mbili, kebo ya klachi, pampu ndogo, viraka na spana inayoingia kwenye nati ya ekseli ya nyuma. Halafu, ukiwa nyumbani na una muda, toa gurudumu la nyuma na ulirudishe kwa vifaa hivyo peke yake. Kile utakachoenda kukiazima kwa jirani ndicho kilichobaki kununuliwa.