Ukoka unaogeuka manjano kila kiangazi

Dada yangu wa Njiro, umeeleza kwamba ukoka wa mbele ya nyumba yako hugeuka manjano na kuacha vipara kila Januari na Februari, ingawa unaumwagilia kidogo kila jioni na kijana wako anaufyeka hadi usawa wa udongo. Kwa maoni yangu, tatizo kubwa ni fyekeo. Jani ndilo linalotengeneza chakula cha mmea, na linapoondolewa lote, mizizi hudhoofika na kubaki juu juu, mahali ambapo jua la Arusha hukausha udongo mapema. Mwombe aache urefu wa sentimita 4 hadi 5, na asiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja.

Maji nayo yabadilishwe: mwagilia asubuhi, mara mbili kwa wiki, mpaka unyevu ufike sentimita 15 chini, jambo unaloweza kulihakikisha kwa kuchimba kidogo, kwa kuwa mizizi hukua kuelekea kina ambacho unyevu unadumu.

Vipara uvitibu masika yanapoanza, kwa kawaida Machi. Tifua udongo, changanya samadi iliyooza vizuri (samadi mbichi huunguza), kisha panda vipande vya ukoka vyenye vifundo. Chini ya mparachichi ulioutaja, tafadhali usijisumbue, kwani ukoka hauvumilii kivuli kizito. Panda hapo mimea inayopenda kivuli.