Fundi Akujibu: Nifute Chrome?

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nina stesheneri hapa Mwanga, Kigoma, na kompyuta mbili: ya zamani ina Windows 7, mpya ina Windows 11. Wateja hujaza maombi ya ajira na mikopo ya chuo. Kijana mmoja kanionyesha orodha ya udhaifu wa vivinjari, yaani programu za kufungulia mtandao, Chrome inaongoza kwa mbali. Anasema niifute kote niweke Firefox. Apdeti nimezizima, zinakula bando.
Mwenye stesheneri, Mwanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Orodha ni ya kweli, kijana kaisoma vibaya. Zahanati yenye darubini itaandika wagonjwa wa malaria wengi kuliko isiyo nayo. Chrome ina watumiaji wengi, basi makosa yake yanatafutwa zaidi. Mozilla nao, wenye Firefox, huweza kukusanya makosa kadhaa ya kumbukumbu ya kompyuta chini ya namba moja ya orodha. Ukihesabu namba, umehesabu nini?

Tena tundu baya huwa la wote. Septemba 2023 iligundulika kasoro kwenye programu ndogo ya kufungulia picha za WebP: picha moja iliyotengenezwa kwa hila ingempa mdukuzi mlango. Chrome, Firefox, Edge, Opera, wote walikuwa wakiitumia. Chrome walitoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu, tarehe 11, Firefox tarehe 12. Waliobaki wazi ni nyie wa kuzima apdeti.

Kwenye Windows 7 kijana yuko sahihi. Chrome iliishia toleo la 109, mwaka 2023; hata ukiwasha apdeti hakiji kitu. Weka Firefox 115, ambayo iliendelea kupewa viraka Chrome ilipokwisha kuondoka. Ila Windows yenyewe Microsoft waliiacha Januari 2020, kwa hiyo mashine hiyo ichape na kuprinti tu, mteja asiingie akaunti yake humo.

Kwenye mpya baki na Chrome. Ukiwa na bando la usiku, bonyeza nukta tatu juu kulia, Msaada, kisha Kuhusu Google Chrome. Ikimaliza kupakua, ifunge uifungue upya. Wengi huishia kupakua, kiraka kinalala bila kazi.

Halafu zima kule Chrome kuuliza kama ihifadhi pasiwedi. Juzi nimeketi kwenye stesheneri fulani, nafungua Gmail, nakuta barua za mtu mwingine zimekaa wazi, pamoja na vyeti vyake. Hapo mdukuzi wa nini? Wafungulie wateja dirisha fiche (Incognito), lile lisilobakiza akaunti ya mtu likishafungwa, na akiinuka mmoja, lifunge wewe mwenyewe.